Robert Smalls, Mtumwa Aliyepata Kuwa Mtunga Sheria

Utoto wake

Zamani watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walivaa sana nguo nyeupe, ngumu, iliyoitwa merikani. Jina hilo lilitokana na nchi ilikotoka, maana nguo ile ilifumwa katika viwanda vya Marekani ya kaskazini, kisha ikaletwa Unguja kwa merikebu. Lakini pamba yenyewe haikulimwa huko kaskazini. Ililimwa katika majimbo ya kusini yenye joto, na waliolima walikuwa watumwa, watu weusi ambao babu zao walichukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika. Katika jimbo moja la kusini, liitwalo South Carolina, alizaliwa mtu ambaye habari zake zinasimuliwa hapa.

Jina lake ni Robert Smalls. Alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1839, katika mji mdogo wa Beaufort, ulio kando ya bahari, kati ya visiwa vingi na mikono ya maji ya chumvi. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa nyumbani, naye alimzaa mwanawe katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba kubwa ya bwana wake, Henry McKee. Kwa sheria ya siku zile mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa tangu siku aliyozaliwa, naye aliweza kuuzwa kama ng'ombe auzwavyo. Tena sheria ya South Carolina ya mwaka 1834 ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Waliotunga sheria ile waliogopa kwamba mtumwa asomaye hatakubali kukaa utumwani.

Robert alikuwa mtoto mchangamfu, na bwana wake alimpendelea. Hakupigwa, wala hakupewa kazi nzito. Lydia alipoona hayo aliingiwa na hofu, kwa kuwa alijua kwamba upendeleo wa bwana ni kama kivuli cha asubuhi, haukai. Basi akamtoa mwanawe nje ya ua wa nyumba ile, akamwonyesha jinsi watumwa wa mashambani walivyofanya kazi na walivyochapwa. Mtoto akaona, naye hakusahau tena.

Kazi ya bandarini

Alipotimia miaka 12, Robert alipelekwa Charleston, mji mkubwa wenye bandari, akafanye kazi ya ujira. Kwanza alihudumu katika hoteli, kisha aliwasha taa za njiani, kisha akashuka gatini. Huko alipakia na kupakua mizigo, akashona matanga, na mwisho akajifunza kushika usukani. Alizijua fungu zote za mchanga katika bandari ile, na maji kupwa na kujaa, kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba yake. Lakini mshahara wake haukuwa wake. Fedha karibu zote zilikwenda kwa bwana wake, naye aliachiwa dola moja tu kwa juma.

Mwezi wa Desemba 1856 alimwoa Hannah Jones, mtumwa aliyefanya kazi katika hoteli. Walipopata mtoto wa kike, wazazi walifurahi na kuhuzunika pamoja, maana mtoto yule alikuwa mali ya bwana wa mama yake. Robert akamwendea bwana yule, akauliza bei ya mkewe na mtoto wake. Akaambiwa kwamba bei yao ni dola 800. Akaanza kuweka akiba. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilikuwa kikubwa mno. Baada ya kujinyima sana alikuwa na dola 100 tu. Na siku yoyote bwana yule angeweza kubadili nia yake, akawauza kwa mtu mwingine.

Usiku wa tarehe 13 Mei, 1862

Mwezi wa Aprili 1861 vita vilizuka baina ya majimbo ya kusini na serikali ya Marekani. Watu wa kusini walitaka kujitenga ili utumwa udumu. Vita vile vilianza Charleston penyewe, watu wa kusini walipopiga mizinga ngome ya Sumter, iliyo mlangoni mwa bandari. Baadaye manowari za serikali zilikuja zikasimama nje baharini, zikafunga njia ili meli zisiingie wala zisitoke.

Smalls alitiwa katika meli ya moshi iitwayo Planter, iliyochukua askari na silaha za jeshi la kusini. Yeye ndiye aliyeshika usukani, ingawa hakuitwa rubani, kwa sababu cheo hicho hakikupewa mtu mweusi. Kila siku aliziona kwa mbali manowari za serikali. Alijua kwamba kati ya utumwa na uhuru palikuwa na maili chache tu za maji. Lakini katika maili hizo palikuwa na ngome zenye mizinga.

Akafikiri, akawashirikisha wenzake waliokuwa watumwa katika meli ile. Akamwambia na mkewe. Hannah aliuliza itakuwaje wakikamatwa, naye akamjibu pasipo kumficha kwamba watauawa. Hannah akakubali kwenda, na kama ni kufa, kufa pamoja naye.

Jioni ya tarehe 12 Mei, 1862, nahodha na wasaidizi wake, wazungu watatu, walishuka wakalale mjini, kinyume cha amri ya jeshi. Katika meli ilikuwamo mizinga iliyopakiwa siku ile ile. Usiku wa manane ulipopita, kama saa tisa, Smalls akavaa koti la nahodha na kofia yake ya majani, akaamuru moto uchochewe na bendera za kusini zipandishwe. Meli ikang'oa nanga. Kwanza ilikwenda kwenye gati nyingine, walikojificha wanawake na watoto, ikawapakia. Waume kwa wake, wakubwa kwa wadogo, walikuwa watu wapatao kumi na sita. Walikuwa wamepatana kwamba wakizuiwa hawatajitoa. Watailipua meli wafe wote.

Meli ikaendelea polepole, maana kwenda mbio kungewatia walinzi shaka. Katika kila ngome Smalls alipiga filimbi ya meli kwa namna iliyoagizwa, kwa kuwa aliijua ishara ya kila mahali. Walipofika Sumter kulikuwa karibu na mapambazuko. Wenzake walimsihi ajitenge na kuta zile, lakini yeye alipita pale pale alipozoea kupita nahodha, akasimama kama asimamavyo nahodha, amejifunika uso kwa kofia, akapiga filimbi mara mbili kwa kirefu na mara moja kwa kifupi. Mlinzi akaitikia kwamba wapite. Walipokuwa wametoka katika shabaha ya mizinga, Smalls akaamuru mwendo wa kasi kuelekea bahari kuu.

Hatari moja ilikuwa bado. Manowari ya serikali, iitwayo Onward, iliona meli ya adui ikija katika ukungu wa alfajiri, ikaelekeza mizinga yake. Lakini Hannah alikuwa amechukua shuka nyeupe. Wakateremsha bendera za kusini, wakaipandisha shuka ile. Mtu mmoja wa Onward akaiona kwa wakati, wala mizinga haikupigwa. Smalls akawakabidhi meli na mizinga, pamoja na kitabu cha ishara za siri na habari za mabomu yaliyotegwa bandarini. Alikuwa na umri wa miaka 23, na siku ile yeye na jamaa yake walikuwa watu huru.

Shule ya Philadelphia

Habari hizi zilienea Marekani nzima. Baraza Kuu la nchi likatoa amri wapewe tuzo, na Smalls akapata dola 1,500. Mwezi wa Agosti 1862 alikwenda Washington, akafika mbele ya wakuu wa serikali, akasema kwamba watu weusi wako tayari kupigania uhuru wao. Waziri wa vita akatoa ruhusa waandikishwe watu weusi mpaka 5,000 katika sehemu za Beaufort. Smalls mwenyewe akarudi vitani, awe rubani. Mwaka 1863 aliongoza manowari ya chuma, Keokuk, iliyopigwa mizinga zaidi ya mara 90 ikazama siku ya pili yake. Mwishoni mwa mwaka ule ule, Planter ilipopigwa na adui, nahodha wake mzungu alitaka kujitoa, akaenda kujificha penye makaa. Smalls akashika amri, akaitoa meli salama. Kwa ajili hiyo akafanywa nahodha wake.

Mwaka 1864 Planter ilipelekwa Philadelphia, mji wa kaskazini, ikatengenezwe. Kazi ilichukua miezi mingi, na Smalls hakutaka miezi hiyo ipotee bure. Alikuwa na miaka 25, ameamuru meli vitani, na bado alikuwa akijitahidi kujua kusoma. Akaajiri walimu, akaketi na kitabu kama mtoto wa darasa la kwanza, wala hakuona haya.

Katika mji ule ule alijifunza neno lingine. Siku moja alikuwa ameketi katika gari la abiria lililovutwa na farasi, akaambiwa amwachie mzungu nafasi yake. Hakukubali, akashuka, akaenda kwa miguu katika mvua. Watu wengi waliona aibu kwamba shujaa wa nchi atendewe hivyo, wakasimama pamoja na wale waliokuwa wakilitetea jambo hilo, hata mwaka 1867 baraza la jimbo lile likatoa sheria ya kukataza ubaguzi katika magari. Smalls akaona kwamba ushujaa waweza kuwaokoa watu wa meli moja, lakini sheria njema huwaokoa wengi, hata wale wasiojuana.

Mtunga sheria

Vita vilikwisha mwaka 1865, na utumwa ukaondolewa katika Marekani yote. Smalls akarudi Beaufort. Kwa fedha yake ya tuzo alikuwa ameinunua ile nyumba kubwa ambayo mama yake alitumika ndani yake. Husimuliwa kwamba mke wa bwana wake wa zamani, akiwa mzee na mwenye akili zilizochoka, alirudi akabisha mlangoni akidhani bado ni kwake, na Smalls akampokea na kumtunza. Mwaka 1867 alisaidia kununua jengo la kuwa shule ya watoto weusi wa mji ule.

Mwaka huo Baraza Kuu la Marekani likaamuru kwamba wanaume weusi wa kusini wapige kura, na kwamba kila jimbo lililoasi litunge katiba mpya. Katika South Carolina watu weusi walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote. Basi mwezi wa Januari 1868 wajumbe wakakutana Charleston, na wengi wao walikuwa weusi. Smalls alikuwa mmoja wa wajumbe wa Beaufort. Katika mji ule ule ambao bei ya mkewe ilikuwa imetajwa kama bei ya bidhaa, sasa yeye aliketi kuandika sheria.

Shauri alilolileta mbele ya mkutano lilihusu shule. Alitaka zifunguliwe shule za watu wote, zisizo na ada, na kila mtoto wa miaka 7 mpaka 14 alazimishwe kuhudhuria walau miezi sita kila mwaka, na mzazi asiyetii atozwe faini. Kabla ya hapo South Carolina haikuwa na mpango wa shule za bure kwa watoto wote. Hata watoto wa wazungu maskini wengi hawakujua kusoma. Katiba mpya ikaagiza shule za serikali kwa watoto wote, bila kutazama rangi. Hivyo jimbo lililokuwa limekataza kitabu kwa mtumwa likaamriwa kumpa kitabu kila mtoto, na mmoja wa walioamuru alikuwa yule aliyekatazwa.

Mwaka huo huo watu wa Beaufort wakamchagua Smalls aingie katika Baraza la Kutunga Sheria la South Carolina, na mwaka 1870 wakampandisha katika baraza la juu, yaani Seneti ya jimbo, alimokaa mpaka mwaka 1874. Mwaka 1875 akaingia Baraza Kuu la Marekani, akachaguliwa tena na tena, akatoka kwa mara ya mwisho mwaka 1887.

Hakuwa mtu wa kukaa barazani tu. Mwaka 1876 watu wa mashamba ya mpunga, kando ya mto Combahee, waligoma. Walilipwa vipande vya karatasi badala ya fedha, na karatasi hizo zilipokewa katika maduka ya wenye mashamba tu. Watu wakashika silaha kila upande. Gavana akamwomba Smalls aende. Akaenda, akasikiliza shauri la wale wakulima, akawaambia kwamba haki yao ni kweli lakini damu itaipoteza. Wakatawanyika, na viongozi wao wakaenda Beaufort kwa hiari kujibu mashtaka, wakaachiliwa.

Doa na mashtaka

Si haki kueleza mazuri ya mtu na kuficha mengine. Katika miaka ile rushwa ilienea sana katika baraza la South Carolina, nao walioila walikuwa wazungu na weusi pia. Mwaka 1876 wale waliotaka kurudisha utawala wa zamani walishinda uchaguzi kwa kuwatisha na kuwaua wapiga kura weusi. Mwaka 1877 wakamshtaki Smalls kwamba, alipokuwa mkuu wa kamati ya uchapaji katika Seneti ya jimbo, alipokea rushwa ya dola 5,000. Akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Yeye alikana siku zote, akakata rufani, na mwaka 1879 gavana akamsamehe, katika mapatano ambayo kwayo mashtaka ya wazungu kadhaa yaliyohusu uchaguzi yaliachwa pia. Wako waliosema kwamba hukumu ile ilitoka kwa adui zake, na wako waliosema vingine. Jambo moja ni hakika, kwamba watu wa Beaufort waliomjua tangu utoto wake walimchagua tena.

Mkutano wa mwaka 1895

Wakubwa wa South Carolina hawakuridhika. Mwaka 1895 waliitisha mkutano wa kuandika katiba nyingine, wakiongozwa na Benjamin Tillman, ambaye hakuficha kwamba kusudi lake ni kuwaondolea watu weusi kura. Wajumbe walikuwa 160, na katika hao weusi walikuwa sita tu. Smalls, mwenye miaka 56, alikuwa mmoja wao.

Shauri lenyewe lilitungwa kwa werevu. Halikutaja rangi. Lilisema tu kwamba anayetaka kupiga kura awe amelipa kodi, na aweze kusoma sehemu ya katiba, au kwanza kuieleza akisomewa, hata msimamizi aridhike. Msimamizi alikuwa mzungu, naye angeweza kuridhika na amtakaye. Basi watoto wa wale waliokataza watumwa kusoma sasa walisema kwamba asiyesoma hana kura.

Smalls akasimama kati ya wajumbe wale. Alisema kwamba watu wake hawaogopi mtihani wa haki uliowapasa watu wote sawasawa, bali huu si mtihani wa haki. Akauliza mtu wa kawaida atawezaje kueleza katiba hata msimamizi aridhike, iwapo majaji wa mahakama kuu wenyewe juzi tu waliisoma sehemu moja wakaielewa kwa namna mbalimbali.  Lakini kura zilipohesabiwa, alishindwa.

Mwisho wajumbe wakaitwa kutia sahihi. Smalls akakataa. Likatolewa shauri kwamba asiyetia sahihi asilipwe gharama zake za safari. Naye akajibu kwamba ni afadhali kwenda kwa miguu mpaka Beaufort, safari ya maili zaidi ya mia, kuliko kuandika jina lake chini ya katiba ile. Mkono uliojifunza kuandika kwa taabu katika Philadelphia haukukubali kuandika jambo hilo.

Mwisho wake

Smalls akaishi Beaufort miaka ishirini tena, na kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa forodha katika bandari ile. Alikufa tarehe 23 Februari, 1915, katika nyumba yake, umbali wa hatua chache tu kutoka mahali pa kibanda alimozaliwa. Akazikwa katika uwanja wa kanisa la Tabernacle, mjini humo.

Alipokufa ilionekana kwamba kazi yake imeharibika. Kwa miaka zaidi ya 60 hakuna mtu mweusi aliyeketi katika baraza la South Carolina, na shule zilitengwa kwa rangi. Lakini shule zenyewe hazikufungwa, na watoto waliendelea kusoma ndani yake. Mwaka 1965 Baraza Kuu la Marekani likatoa sheria ya kulinda kura ya kila mtu, na mwaka 1970 watu weusi watatu wakachaguliwa tena kuingia katika baraza la South Carolina. Mwaka 2024 baraza hilo hilo likapitisha sheria ya kusimamisha sanamu ya Robert Smalls katika uwanja wa jumba la serikali.

Watu hupenda kukumbuka usiku ule wa filimbi na shuka nyeupe, na ni haki wakumbuke. Lakini meli ya Planter ilivunjika na kupotea zamani, mwaka 1876. Ile sheria ya kwamba kila mtoto apate shule haikupotea.